Zilpa, fundi wa turubai Malaba aliyekataa kuchovya kidole

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Mwaka ule wa korona, foleni ya malori ilipoanzia mpakani Malaba ikarudi nyuma kilomita baada ya kilomita, mwanamke mmoja alikuwa amelala kando ya lami, gauni limepanda magotini, kiatu kimoja hakipo. Labda ulikuwa ndani ya gari. Labda ulikuwa juu ya pikipiki, au unatembea zako na Biblia kwapani. Ulisema "ona huyu", ukageuza uso. Wengine walipiga picha. Waliosimama walikuwa wawili tu, na mmoja wao alisimama ili ampekue mifuko.

Mwanamke yule ana jina. Anaitwa Zilpa Alinga, ana miaka arobaini na tisa, na ni mzaliwa wa Adungosi. Ulimpita akiwa chini. Leo mtazame akiwa juu.

Saa moja asubuhi, Zilpa yuko juu ya trela. Amepiga magoti kwenye turubai la buluu lililopasuka urefu wa mkono na nusu, shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, mkononi, kipande cha ngozi ya kiatu kimefungwa kiganjani ili sindano isimtoboe. Uzi wa nailoni anaupitisha kwenye nta, anautia ndani, anauvuta mpaka unalia. Chini yake kuna tani za sukari. Mbele yake kuna malori mengine arobaini, pua kwa mkia, yanasubiri kuvuka kwenda Uganda.

"Mama, hiyo itashika kweli?" anauliza dereva kutoka chini. Anaitwa Kibet, ametoka Mombasa siku nne zilizopita. "Sukari ikiingia maji, mimi kazi sina."

"Bosi, wewe kunywa chai. Turubai ni langu mpaka nishuke."

"Na mvua ikinyesha kabla hujashuka?"

"Itanipata mimi kwanza, ndiyo ifike kwa sukari yako."

Utingo wa Kibet anacheka mpaka anamwaga chai. Zilpa hacheki. Anahesabu mishono kwa midomo, kimya kimya, kama mtu anayesali.

Kazi ya fundi wa turubai haina ofisi, haina mshahara, wala haina chama. Kamba ikikatika au turubai likipasuka, mzigo unaloa, na afisa akiona pengo kwenye turubai anaweza kukurudisha nyuma ya foleni. Kwa hiyo dereva anamtafuta fundi. Kupasuka kidogo ni shilingi mia tatu, kukubwa ni elfu moja na zaidi. Siku nzuri Zilpa anashuka na elfu moja mia mbili. Siku mbaya anashuka na vumbi.

Kuna kingine ambacho madereva wengi wanajua, nawe ambaye hujawahi kupanda trela hukijui. Turubai lina grisi, na kiraka cha gundi hakishiki juu ya grisi. Lazima pasafishwe kwanza. Na tangu zamani mafundi wa Malaba wamekuwa wakisafisha kwa waragi, ile pombe kali ya Uganda, kwa sababu inakata mafuta haraka na inapatikana kila hatua kumi. Dereva anaileta chupa mwenyewe. Inayobaki ni ya fundi. Wanaiita "ya kupasha mkono".

"Robo ilikuwa ya kusafisha turubai," anasema Zilpa. "Robo tatu ilikuwa ya kusafisha koo."

Kazi hii alifundishwa na mumewe, Okedi, mtu aliyeweza kushona akiongea na watu watatu bila kukosea mshono. Waragi pia alionjeshwa na yeye, juu ya trela, siku ya baridi. Okedi alifariki mwaka wa 2017, ini limekwisha. Zilpa alibaki na shazia tatu, mtoto mmoja wa kiume, Chrispine, na chupa zinazoletwa na wenye mizigo.

Halafu ikaja foleni ile ya 2020. Madereva walikaa barabarani siku baada ya siku wakingoja majibu ya vipimo, na kando ya foleni likazaliwa soko la pombe lisilo na mlango wala saa ya kufunga. Tulilisahau haraka. Tunasahau haraka sana mambo yanayotuaibisha. Kila mwaka kuna kiongozi anayemwaga pipa la changaa mbele ya kamera, na povu halijakauka, pipa lingine limeshawekwa motoni nyumba ya tatu. Hiyo miaka yote, Zilpa alikuwa pale pale, anashona mchana, analala alipoanguka.

"Usiniandike kwamba nilidanganywa," anasema. Ameshuka sasa, ameketi juu ya gurudumu la akiba, anakunywa chai ya Kibet. "Nilikuwa najua. Mlevi anajua kila kitu. Tatizo lake si kujua."

Mwaka wa 2022 Chrispine aliuza fahali. Kanisa likachanga. Zilpa akapelekwa mbali, kwenye nyumba ya kuwatunza waraibu, akakaa siku tisini. Alirudi amenenepa, amesukwa nywele, na watu wakampokea kwa nyimbo mpaka mlangoni. Siku ya tisa baada ya kurudi, alikuwa amelewa.

"Walisema nimekula fahali. Ni kweli, nilimla, pembe na kwato," anasema. "Lakini angalia. Aliyeamua ni Chrispine. Aliyeomba ni pasta. Aliyelipa ni fahali. Mimi nilikuwa mzigo. Nilipakiwa, nikafungwa kamba, nikashushwa."

Kilichomfanya aamue mwenyewe hakikuwa mahubiri. Kilikuwa mshono.

Septemba mwaka wa 2023 alishona turubai akiwa amelewa. Mvua ya Bungoma ikapita katikati ya mishono na kuozesha magunia ya mahindi. Mwenye lori alirudi baada ya wiki. Watu walikusanyika, wakijua leo kuna kipigo. Mtu yule hakuinua mkono. Alilishusha turubai, akalitandaza chini mbele ya wote, akasema, "Mama, soma mwenyewe."

Zilpa alisoma. Mishono ilikuwa imekwenda kama nyayo za kuku.

"Okedi alikuwa akiniambia mshono ndiyo sahihi ya fundi. Hata kama hujui kuandika, ukishona umeandika jina lako," anasema. "Nikatazama pale chini, nikaona jina langu limeandikwa na mtu mwingine."

Aliacha siku hiyo hiyo, peke yake, kwa hasira. Hilo lilikuwa kosa, na anataka lisemwe wazi ili mwingine asilirudie. Siku ya tatu alianza kutetemeka, akaona siafu ukutani ambao hawakuwepo, akaanguka na kushikwa na kifafa. Alizindukia kwenye kitanda cha kituo cha afya, muuguzi aitwaye Carolyne amemshika kifundo cha mkono.

"Aliniambia, 'Mama, pombe ya miaka haiachwi kwa hasira. Ungekufa. Uamuzi ni wako, lakini mwili uniachie mimi siku chache.' Nikamwambia sawa, ila safari hii mtu asinilipie."

Dawa hazikuwepo kituoni. Msomaji, hapo usipapite mbio. Mtu ameamka kutoka mlangoni mwa kifo, ameomba msaada kwa mdomo wake, na rafu ni tupu. Ambulensi za kuzinduliwa kwa utepe tunazo. Vidonge vya mlevi aliyeamua kuacha, hakuna. Zilpa aliuza redio ya marehemu mumewe na kununua dawa kwenye duka la mjini. Kisha kila asubuhi akatembea saa moja na nusu kutoka Adungosi hadi kituoni, kwa miguu, kwa njia ya mashambani, kwa sababu ile fupi inapita kwenye milango minne ya changaa anayoijua kwa harufu.

Hadi leo anapita njia ile ndefu.

Kazini ndiko kulikuwa kugumu. Waragi haikuwa raha tu, ilikuwa chombo cha kazi, kama shazia. Angefanyaje kiraka bila chupa? Alikaa nyumbani wiki mbili na vipande vya turubai bovu, akajaribu majivu, akajaribu sabuni ya unga, akajaribu msasa. Vidole vilichubuka. Mwishowe akapata: sabuni kwanza, maji ya moto, kisha msasa mwembamba mpaka turubai lipoteze mng'ao. Inachukua muda mara tatu ya chupa. Wenzake walimcheka.

"Fundi anafua turubai kama soksi," walisema. "Zilpa, ukimaliza na shati langu hili."

"Leta," aliwajibu. "Mia tatu, na mfukoni kusiwe na chupa."

Kisha alichukua kitambaa cha kivuli chake, pale anapoketi kungojea kazi, akakishona kwa uzi mwekundu herufi kubwa kama viatu: LIPA PESA. CHUPA HAPANA. Madereva wengine walikasirika, wakaona wametukanwa. Wengine walikwenda kwa mafundi wengine. Miezi miwili ya kwanza alipata nusu ya kazi aliyozoea, na kuna siku alikula mihogo asubuhi na kivuli cha mihogo jioni. Lakini viraka vyake vilifika Kampala vikiwa vikavu, vikarudi vikiwa vikavu, na barabara ina mdomo. Kibet huyu leo amepita mafundi sita akimtafuta yeye.

Hahesabu siku tangu aache. Ukimwuliza ni ngapi, anakukatiza.

"Nikihesabu, nitaona ni nyingi. Nikiona ni nyingi, nitasema nimestahili zawadi. Zawadi ya mlevi unaijua."

Ukidhani hapo ndipo kwenye ushindi, umekosea. Mtihani mkubwa haukutoka kwa dereva wala kwa mama wa changaa. Ulitoka kwa watu wanaompenda.

Aprili mwaka huu, Velma, mke wa Chrispine, alijifungua mtoto wa kiume. Kwa Wateso, mtoto hapewi jina kwenye karatasi kwanza. Familia inakusanyika, chungu cha ajono kinawekwa katikati, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, watu wamekizunguka. Nyanya wa upande wa baba anachovya kidole kwenye ajono, anataja jina la mmoja wa waliotangulia, anakitia kidole mdomoni mwa mtoto. Mtoto akinyonya, jina limeshika. Akikataa, linatajwa jingine.

Nyanya wa upande wa baba ni Zilpa.

"Watu waliniambia, ni kidole tu, si mdomo," anasema. Anakitazama kidole hicho cha shahada, kimejaa makovu ya shazia. "Hawakijui. Kidole hiki kinajua njia ya kwenda mdomoni mwangu hata nikiwa nimelala."

Alikuwa na njia mbili rahisi. Achovye, aamini bahati. Au akae nyumbani, aseme ana malaria, na mwanamke mwingine ampe mjukuu wake jina. Alikataa zote mbili. Alifika mapema na sufuria ya uji wa wimbi, ameupika mwenyewe, haujachachuka hata kidogo, akaiweka kando ya chungu.

Mzee Etyang, ndugu mkubwa wa marehemu Okedi, ndiye aliyekuwa ameketi upande wa heshima. Alifungua sufuria, akanusa, akafunga.

"Shemeji. Hiki nini?"

"Wimbi, mzee."

"Naona ni wimbi. Nauliza kwa nini halijawa pombe."

"Kwa sababu nimelikataza."

Watu walicheka. Etyang hakucheka. "Uji ni wa wagonjwa," alisema.

"Basi mimi ni mgonjwa, mzee. Niachie uji wangu."

"Mtoto je, naye ni mgonjwa? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na huu wa uji, nani ataulamba? Unataka huyu mtoto aitwe nani, Sufuria?"

Kicheko kilizunguka chungu mara ya pili. Kisha mzee akaacha mzaha. Kama Zilpa hawezi kufanya kazi ya nyanya, alisema, mke wake yeye Etyang yupo, mikono yake ni mizima, aletewe mtoto. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma. Alikuwa anamwondoa kwenye nafasi yake kwa upole, mbele ya ukoo mzima, kama mtu anayemsaidia mlevi kuketi.

Zilpa anasema wakati huo chungu kilikuwa karibu kuliko mlango. Mtu mmoja alikuwa ameshamnyooshea mrija. "Mama Chrispine, vuta mara moja tu, uchungu upite, tuendelee." Mrija ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye midomo yake.

Aliusukuma kando kwa kidole kile kile. Akasema, "Nyanya ni mimi. Sitaondoka hapa, na sitachovya humo. Mkitaka kunitoa, mnitoe kwa mikono."

Hakuna aliyeinuka. Mtoto alikuwa mapajani mwa Velma, mke wa mwana, mtu ambaye kwa desturi hana sauti siku kama ile. Etyang alinyoosha mikono apewe mtoto. Velma hakumtoa.

"Mzee, kwa heshima yako," alisema, macho chini. "Ajono nimeipika mimi, na ni tamu, mnywe. Lakini babu wa huyu mtoto aliondoka kwa chupa. Nyanya yake tulikaribia kumzika. Mkono ninaouamini ni ule ulioweza kuacha. Mtoto nampa mama."

Akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa Zilpa.

Zilpa alichovya kidole kwenye uji. Akataja jina la kwanza, la babu wa babu. Mtoto akatema. Akataja la pili. Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu, na Etyang akatikisa kichwa, "Niliwaambia." Zilpa akachovya mara ya tatu. Jina la tatu hakuwa amelitamka kwa mapenzi kwa miaka mingi.

"Okedi," alisema.

Mtoto alinyonya. Alinyonya kidole kile mpaka ikabidi kivutwe.

Mzee Etyang aliulaza mrija wake magotini. Okedi alikuwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyembeba mabegani siku ya mazishi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe na mimi kikombe. Nionje huo uji uliompata ndugu yangu."

Ajono ilinywewa mpaka jioni. Hakuna aliyegeuka malaika. Ila watu wanne walikunywa uji siku ile, na mmoja wao alikuwa Rael, jirani, ambaye hajapitisha siku bila changaa tangu ndoa yake ivunjike. Alirudi kesho yake kumwuliza Zilpa swali moja: walipokuwa wakikucheka, ulishika nini?

Sasa Rael anakuja Malaba kila Alhamisi. Asubuhi wanapita kwa muuguzi Carolyne, kisha Zilpa anamfundisha kuvuta uzi. Amekwisha kuanguka mara mbili. Mara zote mbili Zilpa hakumkaripia wala hakumwombea. Alimwekea shazia yake kwenye nta isishike kutu, akangoja.

"Siwezi kuacha pombe kwa niaba ya mtu," anasema. "Ninachoweza ni kumwekea nafasi. Akirudi akute kiti hakijakaliwa."

Mpango wake ni kwamba mwakani wawe wanawake watatu chini ya kivuli kile, wanaosafisha turubai kwa msasa na wanaolipwa pesa mkononi. Hajaomba mchango. Amekataa hata harambee ambayo kanisa lilitaka kumfanyia. Lakini kuna jambo hawezi kulifanya peke yake, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Desemba ukoo wa Okedi utafanya ukumbusho wa marehemu. Chungu kitakuwepo. Zilpa atakwenda, Rael atakwenda. Zilpa anasema anaogopa, na anasema hivyo bila aibu. Etyang ameahidi kwamba uji utatangulia na ajono itafuata. Mzee wa miaka sabini na sita amebadilika, wewe unangoja nini?

Wiki hii kuna matanga kwenu. Kuna mahari, kuna mtoto anapewa jina, kuna shangazi anarudi kutoka Nairobi na kreti ya bia. Na kwenye umati huo kuna mtu mmoja, unamjua kwa jina, ambaye amekuwa akijaribu kuacha, na amejificha chumbani kwa sababu pale uani mmemwandalia mrija tu. Usimwandikie ujumbe wa kumtia moyo. Usimwombee ukiwa mbali. Weka gazeti hili chini, chukua simu, mpigie atakayepika, na umwambie sufuria ya uji iwekwe motoni kabla chungu hakijatolewa nje. Kisha mpigie huyo aliyejificha, umwambie nafasi yake iko wapi.

Fanya sasa, kabla hujafungua ukurasa unaofuata.